Maswali na majibu: haki zako kazini California, na namna ya kumpata wakili

Barua zilizonifikia safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaofanya kazi California: walezi wa wazee, wasafishaji, madereva na wafanyakazi wa maghala. Nimezijibu kwa kufuata sheria za jimbo hilo, ambazo katika mambo mengi zinamlinda mfanyakazi kuliko sheria za serikali kuu ya Marekani. Ninaeleza sheria kwa ujumla tu, na mwenye kesi mkononi bado anahitaji wakili aliyezisoma karatasi zake mwenyewe.

Ninamlea mzee mgonjwa nyumbani kwa familia moja mjini Sacramento. Ninalala hapohapo siku 6 kwa wiki na kulipwa dola 150 kwa siku, hata ninapoamshwa usiku mara tatu au nne. Sina karatasi za uhamiaji. Nilipouliza habari za malipo, mama mwenye nyumba, ambaye ni mtu wa kwetu, aliniambia kwamba anaweza kuwapigia simu watu wa uhamiaji wakati wowote. Je, nina haki yoyote?

Dada, haki unazo, na nianze na hilo la karatasi kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi. Kifungu cha 1171.5 cha sheria ya kazi ya California kinasema kwamba ulinzi wa sheria za kazi za jimbo unamhusu kila aliyeajiriwa au aliyeomba kazi, bila kujali hali yake ya uhamiaji. Ofisi ya Kamishna wa Kazi, ambayo hupokea madai ya mishahara, haimuulizi mdai habari za viza yake. Tishio la kupiga simu nalo ni kosa lenyewe: mwajiri anayemtishia mfanyakazi kwa uhamiaji kwa sababu amedai haki yake anavunja sheria, na anaweza kushtakiwa kwa tishio hilo mbali na deni la mshahara. Hata wakili wa mwajiri akithubutu kutumia njia hiyo, anaweza kusimamishwa uwakili. Inaniuma kwamba aliyekutishia ni mtu wa lugha yetu, anayeijua vizuri hofu anayoigusa.

Hata hivyo sitakuficha kwamba sheria ya jimbo haiwafungi mikono maofisa wa uhamiaji wa serikali kuu. Kwa hiyo, kabla ya kufungua madai, zungumza na wakili wa uhamiaji pamoja na yule wa kazi.

Sasa tuje kwenye fedha. Kima cha chini cha mshahara California kilikuwa dola 16.50 kwa saa mwaka 2025, na kimekuwa dola 16.90 tangu Januari 1, 2026; baadhi ya miji imeweka kima cha juu zaidi. Kwa kima hicho, dola 150 hazilipi hata saa 9. Tangu mwaka 2014, anayemlea mtu nyumbani kwake anastahili kulipwa mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi 9 kwa siku au 45 kwa wiki. Ikiwa zaidi ya asilimia 20 ya muda wako inakwenda kwenye kazi nyingine za nyumba, kama kuwafulia wote na kuwapikia wageni, huhesabiwi tena kuwa mlezi wa aina hiyo, na kanuni nyingine za ovataimu ndizo zitakazokuhusu. Malipo ya mkupuo hayamezi ovataimu, hata kama uliyakubali kwa mdomo au kwa maandishi. Chumba unacholala nacho hakiwezi kukatwa kwenye kima cha chini isipokuwa mlikubaliana kwa hiari na kwa maandishi, tena kwa kiwango ambacho sheria imekiwekea kikomo.

Saa za usiku ndizo zitakazobishaniwa zaidi, kwa kuwa upande wa pili utasema ulikuwa umelala. Swali litakaloulizwa ni kama wakati huo ulikuwa chini ya amri ya mwajiri au ulikuwa huru kwa mambo yako. Basi nunua daftari leo, na kila unapoamshwa andika tarehe, saa uliyoamka, ulichomfanyia mzee na saa uliyorudi kitandani. Daftari hilo ulitunze mwenyewe, mahali ambapo wenye nyumba hawalifikii, na kila ukurasa ukijaa upige picha.

Nilifukuzwa kazi ya kusafisha vyumba vya hoteli mjini Anaheim. Meneja anasema cheki yangu itatoka mwisho wa mwezi, na kwamba lazima kwanza nisaini karatasi ya kuahidi kutowadai kitu. Je, ndivyo sheria inavyosema?

Sivyo. Mfanyakazi anayefukuzwa California anatakiwa kulipwa mshahara wake wote siku hiyohiyo, pamoja na likizo aliyokwisha kuichuma. Anayeacha kazi mwenyewe bila kutoa taarifa hulipwa ndani ya saa 72. Mwajiri akichelewesha kwa makusudi, kila siku ya kuchelewa inahesabiwa kama siku ya kazi, hadi siku 30. Aliyekuwa akilipwa dola 20 kwa saa kwa siku ya saa 8 anaweza kudai dola 160 kwa siku, nazo kwa siku 30 ni dola 4,800 juu ya deni la awali. Mwajiri anaponyoka adhabu hiyo ikiwa kulikuwa na ubishi wa kweli kuhusu kama deni lipo, lakini kusema tu kwamba malipo hutoka mwisho wa mwezi si ubishi wa namna hiyo.

Hiyo karatasi, usiisaini. Sheria inamkataza mwajiri kukulazimisha kusamehe madai ili akupe mshahara ambao tayari ni wako, na sahihi iliyopatikana kwa njia hiyo haina nguvu. Ni jambo jingine iwapo wanakuongezea fedha juu ya mshahara ili muachane kwa amani. Makubaliano hayo yanaweza kukufunga kweli, kwa hiyo yapeleke kwa wakili kabla kalamu haijagusa karatasi.

Hukuniambia kwa nini walikufukuza. Mwajiri wa California anaweza kumwachisha mtu kazi bila kutoa sababu, lakini hawezi kufanya hivyo kwa sababu ya kabila, rangi, dini, ujauzito au ugonjwa wake, wala kulipiza kisasi kwa kuwa alilalamika. Tangu mwanzo wa mwaka 2024, ukiadhibiwa ndani ya siku 90 baada ya kudai mshahara wako, sheria inaanza kwa kudhani kwamba ni kisasi, na mwajiri ndiye anayepaswa kuonyesha sababu nyingine.

Ninasambaza vifurushi Oakland kwa gari langu. Kampuni inaniita mkandarasi huru, kwa hiyo silipwi ovataimu wala sina siku za kuugua. Nilisaini mwenyewe. Je, nimejifunga?

Jina mliloandika kwenye mkataba haliamui. Mahakama ya Juu ya California iliweka kipimo mwaka 2018, na bunge likakiandika katika sheria iliyoanza Januari 2020. Mwajiri anatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba haongozi namna unavyofanya kazi, kwamba kazi yako iko nje ya shughuli yake ya kawaida, na kwamba wewe una biashara yako inayojitegemea katika fani hiyo. Akishindwa moja tu, wewe ni mwajiriwa. Kampuni ambayo shughuli yake ni kusambaza vifurushi itapata tabu kubwa kwenye lile la pili.

Wanaobeba abiria au kupeleka chakula kwa programu za simu wana utaratibu wao, kwa sababu wapiga kura walipitisha Pendekezo la 22 mwezi Novemba 2020, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikaliacha lisimame mwaka 2024. Hao wanahesabiwa kuwa wakandarasi huru, ila wanahakikishiwa asilimia 120 ya kima cha chini kwa muda wanaokuwa safarini kwa mteja.

Wakili mmoja mjini Los Angeles anataka asilimia 40 ya fedha nitakazopata. Jirani yangu kutoka Lubumbashi ananishauri niende kwa notari, kwamba ni nafuu. Nifanyeje?

Usiende kwa notari. Huko Kongo notari ni ofisa mwenye uzito, ambaye mhuri wake unaipa hati nguvu, na ninaelewa kwa nini jirani yako anamheshimu. California mtu wa jina hilo anashuhudia sahihi tu, na haruhusiwi kukupa ushauri wa sheria wala kukuwakilisha. Wakili halisi ana namba ya leseni katika Chama cha Mawakili wa California, na unaweza kuihakiki bure kwenye tovuti ya chama hicho, ambapo utaona pia kama amewahi kuadhibiwa.

Kulipa kwa asilimia ni jambo la kawaida katika kesi za kazi, na kiwango huwa kati ya theluthi moja na asilimia 40. Maana yake ni kwamba mkishindwa hakuna ada. Sheria inataka makubaliano hayo yawe kwa maandishi, upewe nakala yenye sahihi zenu wote wawili, na yaseme wazi kwamba ada hiyo inajadilika. Basi jadiliana, wala usione haya.

Linalowaumiza wengi ni gharama, yaani ada za mahakama, wataalamu na nakala, ambazo ni mbali na ada ya wakili. Tuseme mmepata dola 20,000 na gharama ni dola 3,000. Asilimia 40 ikikatwa kabla ya gharama, wakili anachukua 8,000, gharama 3,000, nawe unabaki na 9,000. Gharama zikitolewa kwanza, asilimia 40 ya 17,000 ni 6,800, nawe unabaki na 10,200. Uliza pia nani atazilipa gharama mkishindwa, na ataihesabuje ada ambayo mahakama itamwamuru mwajiri ailipe, kwa kuwa mfanyakazi anayeshinda mahakamani kesi ya kima cha chini au ovataimu anarudishiwa ada ya wakili iliyo ya kadiri. Uamuzi wa kukubali au kukataa suluhu ni wako. Wakili anashauri tu.

Kama deni lako ni la wiki chache, sioni haja ya kumgawia mtu asilimia 40. Madai kwa Kamishna wa Kazi hayana ada wala hayalazimishi wakili, na ofisi hiyo inatoa mkalimani bure. Omba wa Kiswahili mapema, na usimpe mtoto wako kazi hiyo nzito. Wapo pia wanaosaidia bila malipo, kama Legal Aid at Work iliyoko San Francisco, Bet Tzedek ya Los Angeles, na California Rural Legal Assistance kwa walioko mashambani. Kesi ya ubaguzi, ya kisasi, au ya watu wengi kwa pamoja ndiyo inayostahili wakili tangu siku ya kwanza.

Msimamizi wetu San Diego ametukataza kuongea Kiswahili hata wakati wa kula, na amemwambia mwenzangu avue hijabu.

Amekosea mara mbili. Amri ya kutumia Kiingereza pekee hairuhusiwi California isipokuwa kazi yenyewe inailazimu kweli, na wafanyakazi wamejulishwa, na haiwezi kuwafuata hadi kwenye mapumziko yenu. Vazi la dini linalindwa na sheria ya jimbo ya kuzuia ubaguzi, na mwajiri hawezi kujitetea kwa kumficha mvaaji mbali na macho ya wateja. Nywele zetu pia zimo: tangu Januari 2020 kusuka, rasta na nywele za asili zinalindwa, na California ndiyo iliyokuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria hiyo. Malalamiko hupelekwa kwa Idara ya Haki za Kiraia ya jimbo.

Niliacha kazi ya ghala huko Fontana yapata miaka 2 sasa. Tulikuwa tukifanya kazi saa 10 bila nafasi ya kula. Sina karatasi hata moja. Nimechelewa?

Hujachelewa, kaka, lakini usilale tena. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 anastahili nusu saa ya chakula, ianze kabla saa ya tano haijaisha, na dakika 10 za kupumzika zenye malipo kwa takriban kila saa 4. Kila siku ambayo mwajiri hakutoa nafasi ya chakula anadaiwa saa moja ya mshahara, na saa nyingine moja kama hakutoa mapumziko. Saa zinazozidi 8 kwa siku ni ovataimu ya mara moja na nusu.

Madai haya yana ukomo wa miaka 3, na mara nyingi wakili anaweza kuyafikisha miaka 4 akienda mahakamani kwa sheria ya ushindani usio wa haki. Malalamiko ya ubaguzi nayo yana miaka 3, lakini Idara ya Haki za Kiraia ikishakupa barua ya ruhusa ya kushtaki unabaki na mwaka mmoja tu. Aliyeumia kazini ana siku 30 za kumwarifu mwajiri na, kwa kawaida, mwaka mmoja wa kufungua madai.

Kukosa karatasi hakukuondolei haki. Wajibu wa kutunza rekodi za saa na malipo ni wa mwajiri, na ukimwandikia kuziomba anatakiwa akupe ndani ya siku 21. Kama hana, mahakama hukubali makadirio ya mfanyakazi yaliyo ya busara, kwa kanuni iliyowekwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1946. Waandikie wiki hii, kwa sababu muda unahesabiwa kurudi nyuma kutoka siku utakapofungua madai: kila wiki unayongoja, wiki moja ya zile za mwanzo inatoka nje ya hesabu.