Usiku mmoja njiani: trela libaki limefungwa au lifunguliwe?

Karibu nusu ya maswali niliyoletewa safari hii yanahusu jambo moja. Umevuta trela la kulala mchana kutwa, jua limezama, umepata mahali pa kujilaza hadi alfajiri. Ulichomoe kwenye gari au mlale hivyo hivyo? Nimeyakusanya hapa. Mengine yana jibu la mistari miwili, mengine yanataka tukae chini.

Kaka, sisi tunasimama kwa muda wa saa saba au nane tu kisha tunaondoka. Kuna haja gani ya kulifungua?

Mara nyingi hakuna haja yoyote. Kama ardhi ni tambarare, kama asubuhi mtatoka bila kupiga rivasi, na kama usiku huo gari halina pa kwenda, liacheni lilivyo.

Sababu kubwa kwangu ni uchovu, kuliko hata dakika mtakazookoa. Kufungua trela usiku na kulifunga tena alfajiri ni kazi mbili zenye hatua nyingi, na mnazifanya saa ambazo macho ni mazito na mwanga hautoshi. Ukisahau hatua moja ya kufunga, hutaligundua kosa hapo mlipolala. Utaligundua mkiwa mwendo wa barabara kuu, trela likiruka juu ya tufe la kuvutia, lile la chuma lililo nyuma ya gari. Kutofungua kunaondoa nafasi ya kosa hilo. Tena trela lililoshikwa na gari halitikiswi sana na upepo, na likitokea la kutokea mnawasha na kuondoka.

Ila chagueni mahali vizuri. Tafuteni pa kuingilia huku na kutokea kule, na kabla ya kuzima injini nyoosheni gari na trela viwe mstari mmoja. Vikiachwa vimepinda, vinashikilia mkazo usiku kucha, hasa kama mnatumia vile vyuma vya kusawazisha uzito.

Uzito wa trela ukilala juu ya gari usiku mzima, springi za gari hazitachoka?

Hazitachoka. Trela la aina ya Marekani huweka kwenye tufe takriban asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, kwa hiyo trela la kilo 2,000 linakandamiza kwa kilo 200 hadi 300. Ya Ulaya hutengenezwa yakandamize kwa uzito mdogo kuliko huo. Springi zimebeba mzigo huo kutwa nzima, tena ukirushwarushwa kwenye kila shimo. Usiku ndio zinapumzika.

Mahali pekee tulipopata pana mteremko. Tukilala bila kufungua, damu yote inakwenda kichwani. Tufanyeje?

Tenganisha mteremko wa ubavuni na mteremko wa mbele na nyuma, kwa sababu kila mmoja una dawa yake.

Wa ubavuni hauhitaji kufungua chochote. Kabla ya kusimama kabisa, weka ubao au mbao mbili mbele ya tairi za upande ulio chini, panda juu yake taratibu, angalia pimamaji. Kiputo kikikaa katikati, umemaliza. Trela la ekseli mbili lazima tairi zote mbili za upande huo zipande.

Wa mbele na nyuma ndio wenye hatari, na hapa naomba unisikilize vizuri. Trela likiwa bado limefungwa, njia iliyobaki ni jeki ya mbele. Ukiizungusha, pua ya trela inainuka, na makalio ya gari yanainuka nayo kwa sababu yameshikana. Kuinua kidogo tu hakuna neno. Lakini hendibreki ya magari mengi hukamata magurudumu ya nyuma, na kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hata gia ya kuegeshea hushikilia hayo hayo. Ukiyapunguzia uzito mno, umeondoa breki bila kugusa breki.

Mimi niliwahi kulifanya hilo kosa. Ilikuwa usiku, tochi mdomoni, macho yangu yote kwenye kiputo cha pimamaji. Nilizungusha, nikazungusha, kiputo kikawa kinakaribia katikati. Ghafla jeki ikanilalia mkononi na kila kitu kikasogea mbele kama upana wa kiganja, kisha kikagota. Nilipomulika, tairi za nyuma za gari zilikuwa zinagusa majani kwa ncha tu. Kilichozuia ni kabari mbili za mbao nilizokuwa nimezipachika kwenye tairi za trela kabla ya kushika jeki. Ndani ya trela watoto walikuwa wameshalala. Tangu siku hiyo sishiki mpini wa jeki kabla kabari hazijakaa, hata ardhi iwe bapa kama meza.

Kwa hiyo: ukihitaji kuinua zaidi ya kidogo, ama sogea mahali pengine ama fungua trela. Usilazimishe. Na kama mwinamo ni mdogo, geuzeni mito, vichwa viwe upande ulio juu. Watu wengi wanalala vizuri kabisa hivyo.

Nimeambiwa friji itaharibika trela likilala upande. Ni kweli au ni maneno ya watu?

Inategemea friji. Ile ya kompresa, inayofanana na ya nyumbani, haijali mwinamo mdogo. Ile inayotumia gesi au umeme kwa zamu, isiyo na kompresa, inajali sana. Ndani yake mna maji na amonia vinavyozunguka kwa kuteremka vyenyewe kwenye mabomba membamba. Trela likisimama limeinama, majimaji yanatuama pasipotakiwa, sehemu inayochemshwa inapata joto kupita kiasi, na madhara yake hayaponi. Mipaka inayotajwa mara nyingi na watengenezaji ni nyuzi 3 kwa ubavu na 6 kwa mbele na nyuma, lakini soma kijitabu cha friji yako. Safarini haidhuriki kwa sababu mtikisiko unayasukuma yale majimaji. Kusimama ndiko kunakoiumiza.

Ukilala penye mwinamo kwa usiku mmoja, izime na usiifungue mlango. Baridi iliyomo itavumilia hadi asubuhi.

Tulilala bila kufungua, asubuhi gari likagoma kuwaka. Betri ilikuwa mpya! Trela linahusika?

Linahusika, na hili limewakuta wengi. Ule waya mnene wenye plagi haubebi taa za breki na indiketa peke yake. Mara nyingi una njia ya kupeleka umeme kutoka betri ya gari hadi betri ya trela. Magari mengine huikata njia hiyo ukizima injini. Mengine hayaikati, na usiku kucha betri mbili zinakuwa kama moja. Mkiwasha taa, feni na pampu ya maji huko ndani, mnakula pia umeme wa kuwashia gari.

Mlaji mkubwa kuliko wote ni friji ya gesi iliyoachwa kwenye umeme wa volti 12. Piga hesabu: ikivuta ampea 12, betri ya gari ya ampea-saa 60 inakauka kwa saa tano, na nguvu ya kuzungusha stata inakwisha mapema kuliko hapo.

Dawa yake ni kuchomoa plagi mkishasimama, hata kama kila kitu kingine kimebaki kimefungwa. Itundike mdomo ukiangalia chini ili umande usiingie kwenye pini. Lakini usichanganye waya huo na ule mwembamba wa breki ya dharura, ambao kazi yake ni kukamata breki za trela likichomoka njiani. Kwenye matrela yenye breki za umeme, ukivuta kile kipini chake, breki zinabana na zinakunywa betri ya trela hadi utakapokirudisha. Huo uache mahali pake.

Mwanangu, mimi ni mama mtu mzima na nasafiri na dada yangu. Tunaogopa kuibiwa trela tukiwa tumelala.

Shikamoo mama. Kwa hofu hiyo, msilifungue. Mwizi wa trela anapenda lililosimama peke yake, linalongoja gari lolote lenye tufe la ukubwa unaolingana. Tia kufuli kwenye kitasa cha kikombe cha trela (kikombe ndicho kinachokalia tufe), funga milango yote ya gari, na egesha pua ya gari ikitazama njia ya kutokea. Ufunguo wa gari ulale pale mkono wako unapofika gizani, pamoja na viatu. Mkisikia jambo lisilowapendeza, mtakwenda moja kwa moja kwenye usukani na kuondoka. Mkitaka kushusha miguu ya trela, ile ya kutuliza mtikisiko, usiku huo, nawaomba mwache. Kuyumba kidogo ni afadhali kuliko kuanza kupandisha miguu mkiwa na wasiwasi.

Basi ni lini lazima nifungue, na nianzie wapi?

Fungua kama utakaa zaidi ya usiku mmoja, kama gari linatakiwa kwenda dukani au hospitali, kama nafasi ni fupi mno kwa vyote viwili, au kama mteremko wa mbele na nyuma ni mkali kama nilivyoeleza.

Anza na kabari. Nairudia kwa sababu nimewaona watu wanaanza na kitasa. Matrela mengi ya Ulaya yana breki ya mkono, lakini mengi ya Marekani hayana kabisa, na kinachoyazuia yasitembee ni gari lenyewe. Ukiondoa gari, umeondoa breki. Pachika kabari mbele na nyuma ya tairi, pande zote mbili, na uzisukume kwa mguu hadi zibane.

Kisha weka kipande cha ubao chini ya jeki, maana udongo laini unaimeza. Toa vyuma vya kusawazisha uzito kama unavyo, chomoa plagi, fungua kitasa, inua pua hadi kikombe kiachane na tufe. Minyororo ya usalama iwe ya mwisho kabisa. Trela likiamua kusogea pale linapoachana na tufe, mnyororo ndio utakaolishika. Simama kidogo, litazame. Lisiposogea, ndipo uondoe minyororo na waya wa breki ya dharura.

Tukilala bila kufungua, mtu mmoja akigeuka kitandani sote tunaamka. Naruhusiwa kushusha miguu?

Ndiyo, kama mahali penyewe panaruhusu. Baadhi ya vituo vya kupumzikia wasafiri hukataza kushusha miguu au kutoa vyumba vya kusukuma nje, kwa hiyo soma kibao. Panaporuhusiwa, teremsha jeki ya mbele hadi iguse ubao na kubeba uzito kidogo tu, kisha ile miwili ya nyuma ibane ardhi kwa mkono. Miguu hiyo ni ya kutuliza mtikisiko. Ukiitumia kuinua trela, inapinda.

Hatari iliyopo ni kusahau. Trela limefungwa, gari liko tayari, kahawa iko mkononi, na mtu anaondoka jeki ikiwa bado chini. Kwangu mpini wa jeki hulala juu ya kiti cha dereva. Siwezi kukaa bila kuuondoa, na nikiushika nakumbuka.

Kama hatukufungua, asubuhi kuna cha kukagua au tunawasha tu?

Kagueni, ni dakika tano. Trela lilikaa nje usiku kucha na yeyote aliweza kuligusa. Tazama kitasa na pini yake, vuta minyororo kwa mkono, rudisha plagi. Mmoja asimame nyuma aite: breki, kushoto, kulia. Gusa nati za magurudumu kwa spana. Hakikisha ngazi imepandishwa, gesi imefungwa kwenye mtungi, jeki imerudi juu kabisa.

Na kama kwa sababu yoyote una shaka na kile kitasa, inua jeki kidogo kabari zikiwa bado mahali pake. Makalio ya gari yakipanda pamoja na trela, kikombe kimeng'ata tufe. Kikombe kikipanda peke yake, hamjafunga. Shusheni, mfunge upya, mpime tena. Kabari ziondolewe mwisho.