Vizibo vya masikio vya elektroniki kwa sisi tunaosimama pembeni ya bunduki

Umeme ukikatika usiku huku Nkuhungu, Dodoma, feni ikanyamaza na redio za majirani zikazima, ndo nausikia vizuri ule mlio kwenye sikio langu la kushoto. Nyiiiii, kama nyenje aliyejificha ukutani, na hachoki, mwaka wa saba huu.

Nimefuata nyayo za wanyama kwa wageni wanaokuja kuwinda misimu 11 upande wa Manyoni, Rungwa na Kizigo, na kazi yangu nyingine ilikuwa kushika zile fimbo za kuegemezea bunduki. Sa we fikiria, mgeni anaweka bunduki kwenye fimbo, mi nimezishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimetia kidole kwenye sikio la kulia, la kushoto ambalo ndo linatazama bunduki liko wazi kabisa. Hakuna aliyenilazimisha, ndo tulivyokuta wakubwa wetu wanafanya na sisi tukafanya hivyohivyo.

Mnaoanza kazi hii, na nyie mnaowinda kwa leseni zenu au mnaoenda kulenga shabaha, naomba mnielewe. Bunduki kubwa za kuwindia zinapita desibeli 160, na wataalamu kwa mlio wa ghafla wanaweka mpaka kwenye 140. Kwa hiyo sio lazima uwe umesikia milio elfu, mmoja tu unaweza kukuachia alama. Ndani kabisa ya sikio kuna vijinywele vidogo sana vinavyopokea sauti, vikishakufa havioti tena, hakuna dawa ya hospitali wala ya mzee yeyote itakayovirudisha. Na kama bunduki ina kile chuma chenye matundu mdomoni cha kupunguza teke, jua kwamba teke limepungua kwa mpigaji ila kishindo kimetupwa pembeni, yani kwako wewe uliyeshika fimbo.

Mtu atakwambia si ununue tu sponji za bei rahisi. Kwa kulenga shabaha sawa, zinatosha ukizivaa vizuri. Porini shida ni kwamba ukishaziba huwasikii nyati wakivunja vijiti kwenye kichaka, humsikii mwindaji bingwa akikunong'oneza, na kwenye vichaka vya Itigi vilivyofungamana vile, kutosikia ni hatari nyingine kabisa. Matokeo yake unazichomoa. Hapo ndo vya elektroniki vina maana: kuna maiki ndogo nje na spika ndogo ndani, minong'ono inaingia na unaweza hata kuikuza, ila mlio mkubwa ukija ile spika haiupitishi, kinachobaki kukulinda ni kizibo chenyewe.

Na hapa ndo watu wanapigwa. Wanaangalia bluututhi, wanaangalia programu ya simu, hawaangalii kizibo. Kinachozuia mlio wa bunduki usikuue sikio ni jinsi ile raba au sponji inavyoziba tundu la sikio, basi. Boksi linaandika NRR 25 kwa mfano, yani desibeli ambazo kizibo kinapunguza, hiyo ni maabara, mtu kavalishwa kwa utulivu. Wewe ukivaa ovyo unapata labda 10, na 160 ukitoa 10 bado uko juu ya mstari. Kwa hiyo chukua vinavyokuja na saizi nyingi za ncha, yani zile raba au sponji zinazoingia sikioni, na ujaribu zote, mi sikio la kulia linavaa ya kati na la kushoto ndogo, nimekaa mwaka mzima sijui. Za sponji unazibinya mpaka ziwe nyembamba, unapitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa unavuta sikio juu na nyuma, unaingiza, unashikilia kama sekunde 30 sponji ivimbe. Kisha zima kifaa uongee. Sauti yako ikivuma kichwani kama umeingiza kichwa kwenye pipa, imeziba. Ukijisikia kawaida tu, toa uvae upya.

Zile iafoni za muziki zinazojisifu kuzuia kelele achana nazo, zimetengenezwa kwa ajili ya ndege na mabasi. Kama boksi halina namba ya NRR, au SNR ambayo ni namba kama hiyo ya Ulaya, rudisha dukani.

Upepo nao. Wa Dodoma mnaujua, na maiki ikiwa wazi upepo wa Agosti unakuvumia masikioni mpaka unatamani kuvitupa. Uliza kama vina sehemu ya kupunguza upepo, na kabla hujalipa vipulizie kwa mdomo usikie.

Betri sasa, kwa sababu ndo iliniumiza hata baada ya kununua. Vyangu ni vya kuchaji, siku hiyo tulikuwa tumetoka saa kumi na moja alfajiri, mchana vikazima tukiwa juu ya nyayo. Nikachomoa cha kushoto nimsikie mwenzangu anasema nini, mgeni akapiga. Ningekiacha tu palepale, maana hata kikizima bado ni kizibo, kinazuia vilevile. Siku hizi saa sita tukikaa kivulini kula navirudisha kwenye kikasha chake, kikasha kinachajiwa na pawabenki, pawabenki inachajiwa na sola kambini. Vile vya betri ndogo za vidonge ni vizuri pia, ila ukishabandua kile kikaratasi betri imeanza kuliwa, na hewa yetu kavu inaimaliza haraka, kwa hiyo bandua asubuhi ya kazi sio usiku.

Jioni futa nta na vumbi kwa mswaki mkavu, hasa kwenye kitundu cha spika. Na beba ncha za akiba mbili kwenye mfuko wa shati wenye kifungo, zikidondoka kwenye nyasi huzioni tena.