Soma nambari ya chipu, si jina la laptopu

Jumanne iliyopita mwanagenzi mmoja wa hapa karakanani alinijia akitabasamu, mkononi ana laptopu ya mtumba aliyoitoa Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki hapa Nairobi, asubuhi hiyo. Alikuwa ameshalipa. "Mkubwa, nimecheki, modeli hii inakubali Linux." Yaani ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, badala ya Windows. Nikamwuliza amecheki wapi. Akanionyesha kwenye simu: mtu mmoja aliandika mwaka 2015 kwamba "inafanya kazi vizuri". Basi. Hakutaja toleo la kaneli (kile kiini cha Linux kinachozungumza na vifaa vya mashine), hakutaja kadi ya waifai, wala hilo "vizuri" hakulifafanua. Huyu ni wa tatu mwezi huu. Nawapenda vijana wangu, lakini nimechoka kuwaona mkitumbukia shimo lile lile nililotumbukia mimi, na njia ya kulikwepa ni amri moja tu ya terminali, lile dirisha la kuandikia amri.

1. Jina la kwenye kifuniko ni la mwenye duka. Kaneli hailijui. Inachokijua ni chipu, na kila kifaa cha PCI, yaani kilichounganishwa ndani ya mashine kama kadi ya waifai au ya picha, kina nambari mbili za herufi na tarakimu nne nne: ya mtengenezaji, kisha ya kifaa chenyewe. 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek, 10de ni NVIDIA. Andika `lspci -nnk` uzione ndani ya mabano ya mraba, na chini yake draiva inayotumika, yaani programu inayokiendesha kifaa hicho. Vya USB utavipata kwa `lsusb`. Ukiona 8086:24fd hiyo ni kadi ya waifai ya Intel 8265 na draiva yake ni iwlwifi. Hapo sasa una kitu cha kutafutia habari. Mnaijua adapta ya waifai ya USB ya TP-Link TL-WN722N? Toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, ambayo draiva yake imo ndani ya kaneli. Toleo la pili likaja na chipu ya Realtek, jina likabaki lile lile. Aliyelisifia la kwanza hakukudanganya. Wewe ndiye uliyeshika la pili.

2. Jaribu kila mashine, si moja kwa niaba ya wenzake. Hapa mniruhusu niketi kidogo.

Miaka saba iliyopita shule moja ya Kayole ilinipa kazi ya kuweka maabara ya kompyuta. Wazazi walikuwa wamechanga muhula mzima. Laptopu 12, modeli moja, zote za mtumba kutoka Uingereza. Nilienda dukani na flashi yangu, nikawasha ile iliyokuwa juu ya kaunta, nikaendesha Linux kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote. Waifai ikashika papo hapo, sauti ikatoka, nikaandika `lspci -nn` nikaiona 8086 kwenye kadi ya waifai. Nyingine 11 zilikuwa ndani ya maboksi nyuma ya duka, na mwenye duka akaniapia kwamba ni pacha. Sikufungua hata boksi moja. Nikalipa.

Jumapili usiku nilizisakinisha sebuleni kwangu, zote kwa waya wa Ethernet kwa sababu ulikuwa na kasi zaidi, kwa hiyo sikugundua lolote. Jumatatu asubuhi darasa la sita limejaa, mwalimu anasema bonyezeni alama ya waifai, mikono ikaanza kuinuka. "Mwalimu, yangu haina." "Hata yangu." Saba kati ya 12. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akaibeba laptopu yake hadi dirishani, akaiinua kwa mikono miwili kama tunavyoinua simu tukiwa ushago, akidhani netiweki ndiyo haifiki. Picha hiyo ninayo mpaka leo.

Nilipiga `lspci -nn` nyuma ya darasa. Tano zilikuwa na 8086, saba zilikuwa na kadi ya kampuni nyingine kabisa. Kiwandani modeli moja huweza kutoka na kadi mbili au tatu tofauti, na mimi nilikuwa nimeiuliza mashine moja tu. Nikanunua kadi saba za Intel. Nikafungua kifuniko cha chini cha ya kwanza, nikang'oa zile nyaya mbili nyembamba za antena kwa ukucha, nikabandika kadi mpya, nikawasha. Skrini nyeusi, mstari mmoja: kadi hii haijaidhinishwa. Baadhi ya watengenezaji hufungia ndani ya BIOS, ile programu ya kwanza kuwaka ukiwasha mashine, orodha ya kadi wanazozikubali, na usipokuwa kwenye orodha mashine haiwaki. Hilo nalo sikuwa nimelisoma popote, kwa sababu sikuwa nimelitafuta.

Mwisho nilinunua adapta ndogo za USB kwa pesa zangu, nikisimama kaunta na laptopu yangu, naichomeka moja, napiga `lsusb`, naitia mfukoni, naomba nyingine. Watoto wa mashine hizo saba walikaa wiki tatu bila intaneti. Mwalimu mkuu hakunigombeza. Alisema tu, "Kijana, nilidhani umezijaribu." Nikamwambia nimejaribu. Akauliza, "Zote?"

3. Angalia tarehe na toleo la kaneli. Habari mbaya huchacha kama habari nzuri. Kuna kadi nyingi ambazo watu waliziandika "hazifanyi kazi" kwa sababu tu fimuwea yake, ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe, haikuwemo kwenye diski ya kusakinishia. Debian, mojawapo ya aina za Linux, iliendelea hivyo hadi Debian 12, Juni 2023, ilipoanza kuweka fimuwea zisizo huria kwenye diski zake rasmi. Mtu akikwambia kadi fulani haikubali Debian, mwulize Debian ipi. Na ukiwa na shaka, `sudo dmesg | grep -i firmware` itakutajia faili inayokosekana kwa jina.

4. Kabla ya kulipa: funga kifuniko, subiri dakika tano, ufungue uone kama mashine inaamka. Chomeka hedfoni. Washa kamera. Punguza mwanga wa skrini. Ikikosa waifai, chomeka simu kwa waya wa USB na ugawe bando, hivyo utaweza kushusha draiva. Mwenye duka akikukatalia kuwasha mashine kwa flashi yako, mshukuru uondoke. Luthuli ina maduka mengi.

5. Andika ulichokiona, hata kama ni kibaya. Programu ya hw-probe itaipeleka orodha ya vifaa vyako hadi tovuti ya linux-hardware.org, na hapo mwingine ataikuta nambari badala ya neno "vizuri".

Yule kijana wa Jumanne tuliketi naye. Kadi yake ilianza na 14e4, draiva yake haimo ndani ya kaneli, na ilibidi tuichomeke simu yake ndipo tuipate. Ilichukua saa moja na nusu. Sasa yumo kwenye daftari la karakana kwa mwandiko wake mwenyewe: modeli, nambari ya chipu, toleo la kaneli, tarehe, kilichokataa. Daftari liko droo ya juu. Mkienda mjini kununua, lipitieni kwanza, na mkirudi andikeni.