Taa ya injini imewaka: maswali yenu wiki hii

Wengi mmeniandikia kuhusu ile taa ya manjano ya injini na zile namba fundi anasoma na mashine, kwa hivyo leo ni hizo tu. Nitaziita kodi vile mafundi wanaziita, na hapana, hazina uhusiano na KRA, wale wa ushuru.

Nina Vitz, niko Rongai. Mashine imesema P0420, fundi anataka ninunue katalitiki mpya, ile ya kusafisha moshi kwenye ekzosi. Nitoe pesa?

Ngoja kwanza. Hiyo P ni injini na giaboksi (B ni bodi, C ni chasi, mambo kama ABS ya breki, na U ni kompyuta za gari zimekosa kusikizana), 0 inamaanisha ni kodi ya magari yote si ya kampuni moja, 4 ni mambo ya moshi. Sasa mashine haijasema katalitiki imekufa, imesema sensa iliyo nyuma ya katalitiki inaona moshi ambao haujasafishwa vile inatakikana. Katalitiki inaweza kuwa imechoka kweli, lakini ekzosi ikitoboka karibu na sensa, au sensa yenyewe ikizeeka, unapata kodi ile ile. Mwambie atafute tundu kwanza. Na muiname muangalie kama katalitiki iko hapo kweli, kuna watu waliuziwa gari hiyo kitu ilishakatwa zamani ikawekwa bomba tupu.

Taa inawaka ikizima, gari inatetemeka, niko Waiyaki Way. Nitafika Kikuyu?

Weka kando sasa hivi. Ikimeta ni silinda inakosa moto, petroli mbichi inaenda kuungua ndani ya katalitiki na hiyo joto inaiharibu kabisa. Ikiwaka tu bila kumeta, na joto na oili ziko sawa, unaweza kujikokota hadi gereji.

Ukisomewa P0302 ni silinda ya pili. Kabla ununue koili (ile inayopelekea plagi umeme), hamisha ya pili uipeleke ya tatu, futa kodi, endesha kidogo. Ikirudi kama P0303, koili ndiyo mbaya. Ikibaki P0302 angalia plagi, halafu injekta, ile inayopuliza petroli. Hiyo ni kazi ya dakika ishirini na haina spea yoyote ya kununua.

P0171 imenirudia mara tatu na nimebadilisha sensa ya oksijeni. Shida ni nini?

Pole, hata mimi ilinikula. Fielder yangu asubuhi ikiwa baridi RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inapanda inashuka yenyewe, fundi akasoma P0171 akasema ni sensa ya oksijeni, nikaenda Kirinyaga Road nikanunua, tukafunga, taa ikazima nikafurahi wiki moja hivi halafu ikarudi. Nikapelekwa kwa mzee mmoja, yeye hakuchomeka mashine, alifungua boneti akanyamaza tu anasikiza. Kulikuwa na mlio mdogo ssss kama pancha ya polepole. Akapuliza dawa ya kuosha kabureta karibu na mpira mmoja wa hewa (usijaribu injini ikiwa moto, hiyo dawa inashika moto haraka) na injini ikabadilisha sauti hapo hapo. Mpira ulikuwa na ufa upande wa chini, mdogo kama kucha, kwa macho huoni.

P0171 inasema hewa ni nyingi kuliko petroli, basi. Sensa ya oksijeni ndiyo ilikuwa inaripoti, na ilikuwa inasema ukweli, mimi nikafukuza shahidi nikaacha mwizi ndani ya nyumba.

Kwako, mwambie fundi afungue ukurasa wa fueli trimu, ile asilimia ya petroli kompyuta inaongeza au kupunguza. Ikiwa gari imesimama inanguruma na iko kama +20, halafu ukikanyaga hadi RPM 2,500 inarudi karibu na sifuri, kuna mahali hewa inavuja. Ikizidi kupanda ukikanyaga, fikiria pampu, filta ya petroli au sensa ya hewa yenye uchafu. Fundi akikuambia hajui ukurasa huo uko wapi, lipa ya kusomewa uende.

Naenda kununua gari ya mtumba, taa haiwaki kabisa. Niko sawa?

Geuza swichi bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake hapo, isipowaka huenda kuna mtu ameichomoa balbu. Halafu chomeka mashine hata kama hakuna kodi, angalia zile testi za gari kujipima yenyewe. Zikiwa nyingi zimeandikwa hazijakamilika, kuna uwezekano kodi zilifutwa juzi au betri ilitolewa, na gari inahitaji kuendeshwa siku kadhaa ndiyo hizo testi zikamilike. Muulize muuzaji betri ilitolewa lini, uone anavyokujibu.

Hako kamashine kadogo ka Bluetooth kanatosha?

Kwa kodi za P, ndiyo. Kwa ABS na eabagi, mengi ya bei rahisi hayafiki huko. Na gari za Japani za kitambo unaweza kupata soketi ya pini 16 chini ya dashibodi, inaingia vizuri kabisa, na bado haziongei, ju lugha yao ni ingine. Hapo kamashine kako hakajaharibika, usikarudishe dukani.