Kikundi chetu ni watu wanne tu, tutapata ruzuku?

Mwezi huu wengi mmeuliza kuhusu fedha za muziki wa vikundi vidogo vya ala, ule unaoitwa chamber music. Ni vikundi vya watu watatu, wanne, watano, mnaopiga ala jioni baada ya kazi na mnatafuta mfadhili. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu.

Tuko wanne: violini mbili, viola na selo. Tunafanya mazoezi Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa. Tuliomba milioni 40 za ala mpya na tamasha kubwa, tumekataliwa mara tatu. Tumekosea wapi? (Msomaji, Kikuyu, Dodoma)

Andiko mlilonitumia nimelisoma lote. Ukurasa wa kwanza ni historia ya muziki duniani, wa pili ni amani na maendeleo, na mazoezi yenu yametajwa kwa mstari mmoja tu, ukurasa wa tano! Mfadhili wa muziki kama huu anataka kujua nani anapiga nini, nani anawanoa, mnakutana mara ngapi, na baada ya miezi sita mtaweza kupiga kitu gani ambacho leo kinawashinda. Semeni wazi: tunapiga sehemu ya kwanza ya kwateti (muziki wa wapiga ala wanne) ya Haydn kwa mwendo wa kobe, ya mwisho hatuigusi, tunaomba mwalimu aje mara moja kwa mwezi.

Halafu hiyo milioni 40. Hamjawahi kusimamia hata laki tano ya mtu mwingine, nani atawaamini na zote hizo? Ombeni milioni mbili au tatu. Wekeni malipo ya mwalimu, nauli yake ya SGR kutoka Dar, malazi ya usiku mmoja na chakula cha mchana. Msisahau nyuzi za akiba na fundi. Kiangazi chetu mnakijua: hewa inakauka, mbao zinasinyaa, vigingi vya kukazia nyuzi vinateleza na nyuzi zinashuka sauti katikati ya mazoezi, na selo ikiachwa karibu na dirisha inaweza kupata ufa. Andikeni hilo kwenye bajeti kwa maneno hayohayo. Msomaji aliye mbali ataona kwamba hesabu hii imepigwa na watu wanaopiga ala Dodoma kweli.

Tamasha lifanyeni hapohapo ukumbini, viti vya kanisa vipo.

Sisi hatuna violini. Tuna zeze mbili, marimba ya mkono na filimbi. Tunahesabika nasi kwenye muziki huu? (Msomaji, Chamwino)

Kwangu mnahesabika kabisa. Mko wachache, kila mmoja ana sehemu yake asiyosaidiwa na mwingine, hamna kondakta wa kuongoza muziki, na asiyemsikiliza mwenzake anaharibu wimbo wote. Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu aliyefariki Bagamoyo mwaka 2003, alizunguka dunia na zeze na marimba, na hakuna aliyemuuliza violini iko wapi. Ila someni masharti kabla ya kuomba, maana ipo mifuko inayotaka muziki wa Kizungu wa kusoma noti peke yake. Mifuko hiyo achaneni nayo, msijilazimishe kufanana na inachotaka. Panapowezekana, ambatanisheni video ya dakika tatu, hata ya simu, ya mazoezi na si ya jukwaani. Mkikosea mkarudia, iacheni hivyohivyo.

Hizo fedha zenyewe ziko wapi? Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inatufaa? (Msomaji, Nkuhungu)

Asilimia 10 ni mkopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba, lakini unarudishwa. Kikundi kinachopiga harusini na kulipwa kinaweza kuuchukua. Kinachopiga kwa mapenzi tu kitarejesha kwa kutoboa mifuko ya wanachama. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao unajulikana zaidi kwa mikopo, kwa hiyo fanyeni hesabu hiyohiyo.

Kwa upande wa ruzuku, kuna Associated Chamber Music Players, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1947 kwa ajili ya wapiga ala wasio wa kulipwa, nacho hutoa ruzuku. UNESCO ina mfuko wa uanuwai wa utamaduni unaotoa hadi dola 100,000 kwa mradi, ila huo ni wa mashirika yenye mhasibu, si wa watu wanne wa Nkuhungu. Mkiusikia, tafuteni shirika kubwa mwingie chini yake.

Na ukumbi mnaopewa bure upigieni bei, muuandike kama mchango wenu. Wengi husahau.

Ni lazima tusajiliwe? (Msomaji, Kondoa)

Ndiyo, BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Anzeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri, mkiwa na katiba ya kikundi. Akaunti ya benki iwe kwa jina la kikundi, na watia saini wasiwe mke na mume.

Mwenyekiti anataka tulipane posho ya mazoezi kutoka kwenye ruzuku. (Msomaji, Ipagala)

Mwambieni hapana. Mmeomba fedha kama watu wanaopiga kwa kupenda, sasa mnajilipa kwa kupenda? Nauli ya anayetoka Ihumwa, sawa. Chai, sawa. Posho ya kikao ikishaingia, siku ruzuku ikiisha na mazoezi yanaisha. Vikundi vilivyokufa hivyo ninavijua, sitavitaja.

Mfadhili amefuta bajeti yetu ya kununua noti. Ameonea? (Msomaji, Singida)

Hajaonea. Mozart alifariki 1791, Haydn 1809, na sheria yetu inalinda kazi kwa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Noti zao zinapakuliwa bure kwenye IMSLP, maktaba ya noti ya mtandaoni, ninyi lipieni kutoa kopi tu. Mkitaka kupanga upya wimbo wa mtunzi wa kwaya aliye hai, hapo ni ruhusa ya maandishi.

Bodaboda hatoi risiti ya EFD. Tutaripotije? (Msomaji, Mpwapwa)

Tumieni hati ya malipo: tarehe, kutoka wapi hadi wapi, kiasi, jina la dereva, namba ya simu na sahihi yake. Ajaze hapohapo anaposhusha selo, msingoje mwisho wa mwezi mkaanza kukumbushana. Mkimlipa kwa simu, hifadhini na ujumbe wa muamala.