Muulize Fundi: Redio mpya ndani ya gari la zamani

*Fundi, shikamoo. Baba alifariki mwaka juzi akaniachia gari lake dogo la mwaka 1978. Injini haina shida. Redio yake ni ile yenye vifundo viwili, kimoja kulia kimoja kushoto, na mdomo wa kaseti katikati. Inasikika kwenye spika moja tu, nayo inakwaruza. Nikanunua redio mpya yenye Bluetooth, kwenye boksi imeandikwa wati 50 mara 4. Aliyenifungia aliiunga kwenye nyaya zilezile za zamani. Iliimba kama dakika mbili, ikakatika, ikatoa harufu ya kuungua. Sasa ananiambia spika za zamani ndizo zilizoiua, ninunue spika mpya, amplifaya na sabwufa, na yeye akate dashibodi ili redio kubwa ya skrini ipate kuingia. Moyo wangu unasita. Nifanyeje? — M.K.*

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa msiba, na pole kwa redio.

Kabla ya yote: dashibodi isiguswe. Msumeno ukishapita hapo umepita, na dashibodi nzima ya gari la umri huo si kitu cha kupatikana ukikitaka. Nitalirudia hilo chini. Tuanze na kilichoiua redio yako, maana usipokijua, hata ukinunua nyingine itakufa vilevile.

Spika hazikuua kitu. Tatizo ni jinsi zilivyofungwa. Magari mengi ya miaka ya 1970 yalipelekewa waya mmoja tu kwa kila spika. Redio ilitoa sauti kupitia waya huo, na upande wa pili wa spika ukafungwa kwa skrubu kwenye bodi. Umeme ulirudi kupitia chuma cha gari, kama unavyorudi ule wa taa na honi. Kwa redio za wakati ule ilikuwa sawa kabisa.

Redio za leo hazifanyi hivyo. Kila spika ina nyaya zake mbili, na zote mbili zina kazi: huu ukisukuma, ule unavuta. Hata sauti ikiwa imeshushwa hadi mwisho, ukipima waya wowote kati ya hizo dhidi ya bodi utakuta volti 6 hivi. Sasa mtu akiugusisha mmoja kwenye bodi ameshapiga shoti. Redio nyingine zina kinga na hujizima. Nyingine zinapambana dakika moja au mbili, kisha unasikia hiyo harufu uliyoisikia wewe.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu na mimi nimewahi kuiua redio ya mteja namna hiyohiyo, nikiwa bado kijana kazini. Nilikaa nayo mezani usiku kucha nimeifungua, natafuta kosa ndani yake. Kosa lilikuwa mlangoni: skrubu moja yenye kutu, imekamata waya mweusi wa spika kwenye chuma. Nilimnunulia mwenyewe redio nyingine. Tangu siku ile siungi redio yoyote kwenye gari la zamani kabla sijapima spika zote, hata mwenye gari akinihakikishia kwamba zilishabadilishwa.

Nawe pima hivi. Redio iwe imechomolewa. Weka mita ya umeme kwenye omu (kipimo cha ukinzani). Ncha moja iguse waya wa spika, ncha ya pili iguse chuma cha bodi kisicho na rangi. Ikisoma 3 na nukta, tuseme 3.4, basi upande wa pili wa spika hiyo umefungwa bodini, na hapo redio mpya haiungwi. Isiposoma chochote, spika iko huru. Halafu ifungue spika yenyewe upime ncha zake mbili: ya omu 4 iliyo nzima husoma pungufu kidogo ya 4. Ikisoma 0 ni shoti. Isiposoma kabisa koili yake imekatika. Fanya hivyo kwa kila moja, na uandike matokeo kwenye karatasi.

Dawa yake ni kuvuta nyaya mbili mpya kwa kila spika. Ni kazi ya mchana mmoja. Nyaya za zamani ziache mahali pake, zifunge ncha kwa tepu, usizikate. Redio nyingi mpya zina rangi zinazofanana: nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na ule wenye mstari mweusi ndio hasi ya spika hiyo. Hasi ya spika, narudia, si hasi ya bodi. Wengi wanaungulia hapo. Ukitaka kujua chanya ya spika isiyo na alama, chukua betri ndogo ya volti 1.5 uiguse mara moja kwenye ncha zake. Koni ya spika, ile karatasi inayotetemeka, ikiruka kuelekea nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya. Spika mbili zikigeuziana, moja inasukuma nje nyingine inavuta ndani, besi inapotea na hujui imekwenda wapi.

Waya wa njano unakwenda moja kwa moja kwenye betri, mwekundu kwenye swichi ya ufunguo, mweusi kwenye bodi. Usiutegemee waya wa redio ya 1978 kubeba redio ya leo. Vuta mpya, na fyuzi yake ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Fyuzi iliyo kule kwenye redio inailinda redio; hiyo ya karibu na betri ndiyo inayolinda gari lisiungue pale waya utakaposuguliwa na chuma njiani.

(Wenye magari ya nyuma zaidi ya hapo: yapo yaliyofunga chanya ya betri kwenye bodi badala ya hasi, hasa ya Uingereza kabla ya miaka ya 1970, na yapo ya volti 6. Redio ya leo ukiiunga humo bila kibadilishaji, kwenye yale ya chanya bodini inaweza kuungua, na kwenye ya volti 6 haitawaka. Angalia betri kwanza.)

Sasa hizo wati 50. Chukua karatasi. Gari likiwa limewaka, umeme ni volti 14.4 hivi. Spika ni omu 4. Volti 14.4 mara 14.4 ni 207, gawa kwa 4, unapata 52. Ndiyo hiyo 50 ya kwenye boksi. Lakini wati hizo zinatoka pale redio inapokuwa imebanwa mpaka wimbi la sauti limekatwa kichwa na miguu, limekuwa bapa, yaani ule mkwaruzo unaoumiza masikio. Wimbi safi haliwezi kuvuka nusu ya hapo, wati 26, na ukitoa hasara za ndani unabaki na 18 au 20. Usifadhaike, wati 18 safi ndani ya gari dogo zinatosha kukufanya ushushe sauti mtu akitaka kuzungumza nawe. Ninachotaka ni kwamba ukilinganisha vifaa uangalie namba iliyoandikwa RMS (wati za kudumu), ile kubwa ya mbele ya boksi uiache.

Kuhusu spika, fundi wako ana nusu ya ukweli. Za mwaka 1978 zimechoka. Ile inayokwaruza, ifungue uitazame kwa karibu: zunguka ukingo wa koni kwa kidole, taratibu. Kama ukingo ni wa sponji utamomonyoka na kubaki kwenye kidole kama masizi yenye kunata. Ukingo ukishakufa, koili inayumba na kusugua sumaku, na huo ndio mkwaruzo. Basi nunua mpya mbili tu za mbele, za omu 4, zenye twita yake (kispika kidogo cha sauti nyembamba) katikati. Kabla ya kununua, shusha kioo cha mlango hadi chini kabisa ndipo upime kina. Nimeona spika nzuri mno iliyochanwa mgongo siku ya kwanza kioo kiliposhushwa.

Na mlango wenyewe ni nusu ya spika, hili halisemwi vya kutosha. Sauti inayotoka mbele ya koni na ile inayotoka nyuma yake zinapingana. Zikikutana kupitia matundu ya mlango zinafutana, na inayofutika zaidi ni besi. Watu wananunua sabwufa kwa sababu ya mlango wenye matundu. Ziba matundu makubwa, bandika shiti za butili (raba nzito yenye gundi) kwenye chuma cha nje hata kama si chote, weka kipete cha plastiki chini ya spika ibane kisawasawa. Usitumie plaiwudi: maji huingia mlangoni kila mvua inaponyesha, na yanatakiwa yatoke kwa vitundu vya chini, kwa hiyo vile usivizibe. Ile nailoni iliyo nyuma ya kava la mlango irudishe kama ulivyoikuta. Ukishamaliza, bisha bati la mlango kwa kifundo cha kidole. Kama kabla lililia kama debe, sasa linajibu kwa sauti fupi, nzito. Ndipo uwashe muziki.

Amplifaya na sabwufa ziache kwa sasa. Alteneta nyingi za miaka ile zilitoa ampea 35 hadi 55. Amplifaya ya wati 400 za kweli inaweza kuvuta 36 peke yake muziki ukipanda. Na usiku una taa, vipangusa na feni.

Tumerudi kwenye dashibodi. Ningekuwa mimi, redio ya baba ingebaki palepale na vifundo vyake. Ziko amplifaya ndogo zenye Bluetooth ndani, unaifunga chini ya kiti au ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria, simu inaongea nayo, spika mpya zinaungwa nayo, na dashibodi haijaguswa. Ukitaka redio ya zamani iwe na uhai, fundi wa elektroniki mwenye subira anaweza kuifungua na kuiingizia waya wa simu kabla ya kifundo cha sauti, nayo ibaki na spika yake ya zamani kwa waya wake wa zamani. Mkono wa baba yako ulizungusha vifundo hivyo miaka yote hiyo. Usimruhusu mtu avitupe kwenye ndoo.

*Fundi, habari za kazi. Nimefungiwa amplifaya kwenye buti. Gari likiwaka nasikia mlio kama wa mbu, nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Waya wake mweusi umefungwa kwenye boliti ya mkanda wa kiti. Wananiambia ninunue filta. — S.A.*

Njema, dada yangu. Filta iache dukani. Mlio huo ni wa alteneta, na mara nyingi unaingia kwa sababu ya hasi mbaya. Boliti ya mkanda ina rangi na gundi, haipitishi umeme vizuri, na juu ya hapo ni boliti ya kuokoa maisha, haipaswi kuchokonolewa. Tafuta chuma cha bodi karibu na amplifaya, kwangua rangi mpaka kiwe cheupe, funga waya mfupi usiozidi nusu mita, mnene sawa na ule wa chanya, kisha upake grisi kutu isiingie. Halafu injini ikiwaka na muziki ukilia, pima volti kati ya hasi ya betri na hasi ya amplifaya. Iwe karibu na 0. Ikifika nusu volti, pana kasoro bado.

Kama mlio haujaisha, zima, chomoa nyaya za RCA (zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio) kwenye amplifaya, washa tena. Ukitoweka, unaingia kwa njia hiyo: hakikisha RCA zinapita upande mmoja wa gari na waya wa betri upande wa pili. Na kagua ule waya mnene wenyewe. Ukiukwangua ukakuta ndani ni mweupe wa fedha badala ya mwekundu wa shaba, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Unapitisha umeme vibaya zaidi, kwa hiyo unatakiwa uwe mnene zaidi kwa mzigo uleule. (Kuna shaba iliyopakwa bati pia; hiyo ukiikwangua mstari mmoja, wekundu unatokea.)

*Tangu nifungiwe redio mpya betri inalala kila baada ya siku mbili. Betri ni mpya, ya ampea-saa 45. — J.*

Siku mbili ni wizi wa kama ampea 1 usiku na mchana. Gari lililolala halitakiwi kuvuta zaidi ya ampea 0.05. Tazama nyuma ya redio: huenda waya mwekundu na wa njano zimeunganishwa pamoja, au ule wa bluu wenye mstari mweupe unaoiamsha amplifaya umepelekwa betri moja kwa moja. Mwekundu uhamishiwe kwenye swichi ya ufunguo, na wa bluu urudi kwenye redio. Kuthibitisha, fungua hasi ya betri, weka mita kwenye ampea katikati ya waya na betri, milango imefungwa, usubiri dakika kumi kabla ya kusoma. Usiwashe injini mita ikiwa hapo, utaiunguza.