Maswali yenu: wafuasi elfu sita, wateja watatu

Mwaka jana nilinunua wafuasi 5,000 wa Instagram ili ukurasa wangu wa ushonaji usionekane mtupu. Leo ninao 6,100, lakini nikiposti laiki hazipiti 20, na wateja wangu wa zamani wanasema hawanioni kabisa. Tatizo ni nini?
*Fundi cherehani*

Tatizo umelitaja mwenyewe. Instagram haimwonyeshi kila mfuasi kila posti. Humpangia mtu vile anavyoelekea kuvijali, na hupima hilo kwa matendo: nani kasimama kwenye picha, nani kaihifadhi, nani kamtumia mwenzake, nani kaandika maoni. Akaunti bandia hazifanyi lolote kati ya hayo. Umejaza ukumbi kwa sanamu, kisha unashangaa hakuna anayepiga makofi. Hata takwimu zako zimechafuka: saa ambazo wafuasi wako mtandaoni na mahali walipo ni habari za sanamu hizohizo, kwa hiyo usizitumie kupanga saa ya kuposti.

Kabla ya kusafisha, pima. Chukua posti zako kumi za mwisho. Kwa kila moja jumlisha laiki, maoni, waliohifadhi na waliotuma, gawanya kwa idadi ya waliofikiwa (siyo idadi ya wafuasi), kisha zidisha kwa 100. Posti iliyofikia watu 240 ikapata laiki 20, maoni 3, waliohifadhi 5 na waliotuma 2 ina jumla ya 30, yaani asilimia 12.5. Matokeo ya namna hiyo yanasema nguo zako hazina kasoro. Walioziona wamezipenda, ila ni wachache mno. Ingekuwa asilimia 1, tungekuambia uanze na picha zenyewe.

Sasa fungua orodha ya wafuasi na ubonyeze kitufe cha kuondoa mbele ya kila jina bandia. Anayeondolewa hapewi taarifa. Wa kutiliwa shaka ni asiye na picha wala posti, mwenye jina lililojaa tarakimu, tena anayefuata maelfu ya watu huku yeye akifuatwa na watano. Usiwaondoe mamia kwa mkupuo, maana Instagram ikiona kitendo kimoja kinarudiwa haraka huifungia akaunti kitendo hicho kwa muda. Ukiondoa 50 mpaka 100 kwa siku, kazi itakuchukua miezi miwili au mitatu. Programu zinazoahidi kukusafishia kwa dakika moja huomba nywila yako, na ndivyo akaunti nyingi zinavyoibwa. Ungekuwa na wafuasi halali 100 tu tungekushauri ufungue akaunti mpya. Kwa 1,100, safisha.

Natengeneza samani. Video ninazoweka TikTok huzirudia Instagram, lakini kote watu wanakimbia mapema. Nifupishe?
*Seremala*

Usifupishe kabla hujajua wanakimbilia wapi. Takwimu za video kwenye TikTok zina mchoro unaoonyesha watazamaji wanavyopungua sekunde kwa sekunde. Mstari ukiporomoka ndani ya sekunde 3 za mwanzo, mkosaji ni mwanzo: salamu, nembo, au "leo nitawaonyesha". Anza na kabati lililokamilika, mkono ukivuta droo, ndipo urudi kwenye mbao. Mstari ukishuka katikati, kuna kipande kirefu ambacho hakibadiliki, kwa kawaida ni kule kupiga randa. Kikate. Ukishuka mwishoni tu, video ni nzuri, iache kama ilivyo.

Kurudia video si kosa, ila usiipakue kutoka TikTok ikiwa na nembo yake. Tangu 2021 Instagram imesema wazi kwamba Reels (video zake fupi) zenye nembo ya programu nyingine hupendekezwa kwa nadra. Hifadhi video safi kwenye simu kabla ya kuongeza maandishi, kisha ihariri upya kila mahali. Wala usijitumie kwa WhatsApp kama video ya kawaida ili uihamishe kutoka simu moja kwenda nyingine; hubanwa, na ule mng'ao wa vanishi hugeuka ukungu. Itume kama faili la hati.

Rekodi wima, 1080 kwa 1920, kwa kamera ya nyuma, na ufute lenzi kwanza (vumbi la mbao halikwepeki). Maandishi yakae katikati au juu kidogo, kwa kuwa chini hufunikwa na maelezo na kulia hufunikwa na vitufe. Andika pia yale unayoyasema, maana wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa. Kuhusu muziki, akaunti ya biashara ya TikTok huruhusiwa nyimbo za maktaba ya kibiashara pekee. Ukitia wimbo mwingine, video yaweza kunyamazishwa, hata kama jirani yako anautumia kwenye akaunti yake binafsi.

Niweke alama reli (#) ngapi?
*Muuza vipodozi*

Tatu hadi tano, zinazotaja bidhaa yenyewe. Alama reli inayotumiwa na dunia nzima haikusaidii kitu. Yenye faida kubwa zaidi ni nafasi ya jina kwenye wasifu, kwa sababu Instagram hutafuta humo mtu anapoandika neno. Badala ya jina la duka peke yake, ongeza unachouza: "mafuta ya nywele", kwa mfano. Fikiri vizuri kabla ya kubadilisha, kwani jina hilo hubadilishwa mara mbili tu ndani ya siku 14.

Nataka kufanya shindano Facebook: mtu ashee kwenye ukurasa wake na kutag marafiki watatu ndipo aingie. Linafaa?
*Mwenye duka la vifaa vya shule*

Halifai. Kanuni za Facebook zinakataza kumshurutisha mtu kushea kwenye ukurasa wake binafsi au kutag marafiki ili aingie shindanoni. Unachoruhusiwa ni kuomba maoni kwenye posti yako au ujumbe kwa ukurasa wako. Andika masharti, siku ya mwisho, jinsi mshindi atakavyopatikana, na kwamba Facebook haihusiki. Zawadi iwe bidhaa yako. Ukitoa simu, utapata wapenda simu, na wataondoka asubuhi ya kesho yake.

Nilibusti posti (nililipia ionekane na wengi zaidi) siku 7. Wafuasi 400 wamekuja, hakuna aliyenunua.
*Fundi viatu*

Angalia ulichagua lengo gani. Ukichagua watu watembelee wasifu, mfumo huwatafuta wenye tabia ya kutembelea wasifu, na hao ndio uliowapata. Safari ijayo chagua ujumbe, ubusti posti ambayo tayari imefanya vizuri bila fedha, na uandike bei ndani yake. Usibadili chochote siku mbili tatu za kwanza, kwani ukigusa tangazo, mfumo huanza kujifunza upya.

Jumbe zikija, anayesubiri saa sita ameshanunua kwingine. Kwenye WhatsApp Business tengeneza majibu ya haraka kwa maswali yanayorudiwa (saizi, muda wa kutengeneza, kupelekewa) na uwape wateja lebo: aliyeuliza, aliyelipa, anayesubiri. Orodha ya matangazo, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi, huchukua watu 256, lakini ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo mwombe aihifadhi siku unapomkabidhi viatu, akiwa bado amevishika mkononi.